Kutoka Ensimbi Hadi Marijani: Watoto Wetu, Kalamu za Rangi na Bahari



 

Ndugu wasomaji, mara hii katika safu yetu ya historia tumeona tuzungumzie bahari. Najua wapo watakaoshangaa. Sisi tuko Kampala, bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa kwa barabara ya Mombasa, na watoto wetu wengi hawajaiona ila katika televisheni. Hata hivyo kila siku tunalitaja jina la kiumbe cha baharini bila kujua. Unapoulizia bei ya matooke pale Nakasero au Owino, neno la fedha ni ensimbi, na ensimbi asili yake ni kauri, zile simbi nyeupe zinazong'aa. Wazee wa Buganda walizitoboa, wakazitunga kwenye kamba mia mia na kununulia mbuzi, majembe na vitambaa vya magome. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaondolewa sokoni, rupia ikaingia, kisha shilingi, lakini jina halikwenda popote.

Kauri ni nyumba ya konokono anayeishi kwenye miamba ya matumbawe na maji ya kina kifupi ya Bahari ya Hindi. Misafara iliyozibeba kutoka pwani ilipita njia ile ile iliyoleta dini yetu. Kwa mujibu wa historia tuliyoipokea, mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alisimama mbele ya Kabaka Ssuuna II na kumweleza kuwa yuko Mungu Mmoja aliyemuumba yeye na wale anaowaua. Kwa hivyo mtu akiuliza sisi wa bara tuna deni gani na bahari, jibu moja liko mfukoni mwake na la pili liko kwenye msala wake.

Kilichonifanya niandike makala haya ni swali la mtoto. Katika darasa letu la wikiendi walimu waliwapa watoto karatasi na kalamu za rangi wachore maisha ya chini ya bahari, ili michoro ibandikwe ukutani wazazi waione. Mtoto mmoja wa miaka tisa akaiweka kalamu chini. Akauliza: "Ustadhi, kuchora samaki si haramu?" Mwenzake akamjibu kwamba basi achore yale mawe tu, akimaanisha matumbawe. Hapo ustadhi mwenyewe akakaa kimya, kwa sababu alikuwa anajua jambo ambalo watoto hawakulijua: yale si mawe.

Tuanze na hilo la mawe, kwani lina historia ndefu.

Katika Surat Ar-Rahman, aya ya 22, Allah (S.W.) anataja lulu na marijani kuwa vinatoka katika bahari mbili. Wafasiri wametofautiana. Baadhi yao wamesema marijani hapo ni lulu ndogo ndogo, wengine wamesema ni ile marijani nyekundu inayofanywa shanga. Vyovyote iwavyo, neno limeingia katika Kiswahili chetu moja kwa moja. Watu wa pwani wana neno lao jingine la kale, tumbawe, na kwa karne nyingi walilichukulia kama jiwe laini la kujengea. Ulaya nako wataalamu walibishana muda mrefu kama marijani ni mmea au madini, mpaka daktari Mfaransa Jean-André Peyssonnel, katika karne ya 18, aliposhikilia kuwa ni mnyama. Wenzake hawakumwamini upesi. Leo hakuna ubishi: kila tumbawe ni mji wa wanyama wadogo sana, kila mmoja na mdomo wake na mikono yake midogo, wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao hukaa mwani usioonekana kwa macho, nao ndio unaowapa chakula kutokana na mwanga wa jua, na ndio unaowapa rangi.

Sasa tazama walivyofanya mababu zetu wa pwani. Kuna aina ya tumbawe ambalo likikatwa baharini lingali bichi huwa laini, linachongeka kwa kisu na patasi. Likikauka juani linakuwa gumu. Mafundi wakalitumia kuandika Qur'ani. Pale Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, upo msikiti mdogo ambao ukuta wake wa kibla una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye tumbawe, yenye majani na mafundo ya kupendeza, na tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni katika maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani yetu. Kilwa nako, Msikiti Mkuu ulianza kwa nguzo zilizochongwa kwa tumbawe, kisha ukapanuliwa katika karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Chokaa ya kuunganishia kuta ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuri la kuni.

Sisemi haya kuwalaumu wazee. Walijenga nyumba za Allah kwa kile Alichowapa, na walikuwa wachache. Lakini tumbawe la aina ile hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Nguzo ya urefu wa mita mbili ni kazi ya karne mbili. Mtoto akiijua hesabu hii, hulitazama jiwe la msikitini kwa jicho jingine.

Katika karne ya 20 mambo yalibadilika kwa kasi. Kuanzia miaka ya 1960 baadhi ya wavuvi wa pwani ya Tanzania walianza kutumia baruti. Mlipuko mmoja unaua samaki wote waliopo, wakubwa na vifaranga, na unalipasua tumbawe vipande vipande. Wengine walitumia kigumi, yaani kutandaza nyavu na kuwatoa samaki mafichoni kwa kuyapiga matumbawe kwa miti. Na tusijione watakatifu sisi wa ziwani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari kwamba wapo watu waliokuwa wanavua kwa kutia sumu majini, Uganda ikiwemo. Viwanda vya samaki vikasimama, watu wakakosa kazi, na waliopata hasara si wale tu waliotia sumu.

Kisha ukaja mwaka 1998. Bahari ya Hindi ilipata joto kuliko kawaida kutokana na El Niño. Joto likizidi hata kwa nyuzi moja au mbili kwa wiki kadhaa, tumbawe linautoa ule mwani wake, linabaki jeupe kama mfupa, na hali isipobadilika linakufa njaa. Sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi iliathirika mwaka ule. Mwaka 2016 ilitokea tena, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kuwa dunia imo katika tukio la nne la namna hiyo.

Ni katika mazingira hayo ndipo visa vitatu vya ndugu zetu wa pwani vilipotokea, na vyote vinawahusu watoto na wanafunzi kwa namna moja au nyingine.

Cha kwanza ni cha Chumbe. Hiki ni kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na msikiti mdogo kando yake. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wake kuwa hifadhi, chini ya mradi ulioanzishwa na mama mmoja Mjerumani, Sibylle Riedmiller, aliyewahi kufanya kazi za elimu Tanzania. Walinzi wa hifadhi walikuwa wavuvi wa zamani, wasio na silaha, kazi yao ikiwa kuzungumza na wavuvi wenzao. Alipotazama mitaala ya shule, mama huyu aliona jambo la ajabu: watoto wa visiwani, waliozungukwa na matumbawe pande zote, hawakuwa wakifundishwa habari zake darasani. Kwa watu wengi yalikuwa mawe na miamba tu, kama alivyodhani mtoto wetu wa Kampala. Basi wakaanza kuwaleta wanafunzi na walimu kisiwani, wakiwavalisha miwani ya kuogelea na kuwaambia waingize nyuso majini. Wengi wao, hasa wasichana, hawakuwa wamewahi kufanya hivyo. Naomba wazazi wenzangu mlifikirie hilo. Mtoto amezaliwa hatua mia kutoka baharini, baba yake mvuvi, na hajawahi kuona kilichomo.

Cha pili ni cha Misali, na hiki ndicho ninachokipenda zaidi. Misali ni kisiwa kilichopo magharibi mwa Pemba, hakifiki hata kilomita moja ya mraba. Wapemba wanasimulia kuwa Nabii Khidhr (a.s.) alifika hapo na kuwaomba wavuvi msala aswali. Wakamwambia hawana. Akawaambia kisiwa hiki chenyewe kitakuwa msala, kwa vile kimeelekea kibla. Ndipo kikaitwa Misali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikodisha kwa ajili ya hoteli, wavuvi wakapinga, na mwaka 1998 kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Wavuvi zaidi ya elfu moja walikitegemea.

Lakini tangazo la serikali ni karatasi. Baruti na nyavu mbovu hazikukoma kwa sababu ya karatasi. Hapo shirika la CARE likashirikiana na taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Birmingham, Uingereza, iitwayo IFEES, iliyoanzishwa na Fazlun Khalid, Muislamu mwenye asili ya Sri Lanka. Walifanya semina pamoja na wavuvi, maimamu, walimu wa madrasa na wanafunzi. Wakarudi kwenye misingi ambayo sote tunaisoma: kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi na si mwenye mali, kwamba Surat Ar-Rum aya ya 41 inautaja uharibifu wa nchi kavu na wa baharini na kuunasibisha na mikono ya watu, kwamba Mtume (s.a.w.) alitenga maeneo ya hima yasiguswe. Hayo yakatolewa katika khutba na kufundishwa madrasa. Wavuvi ambao walikuwa wakiikwepa boti ya doria hawakuona pa kuikwepea aya. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa na kuwa sehemu ya eneo kubwa la mkondo wa Pemba.

Nitasema wazi hapa, kwa sababu makala mengi kuhusu mambo haya yana tabia ya kutia chumvi. Sidhani kama picha ukutani ingewazuia wavuvi wa Misali. Kilichowagusa ni kile walichokuwa tayari wanakiamini. Mchoro una kazi yake, na kazi hiyo ni kumwonyesha mtu kitu ambacho hajakiona. Asiyewahi kuingiza uso majini atakihurumia vipi?

Kisa cha tatu ni cha Kiunga, kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, nchi ya ndugu zetu Wabajuni. Katika miaka ya 1990 fukwe za huko zilijaa kandambili zilizoletwa na mikondo ya bahari. Zilikuwa nyingi kiasi cha kuwazuia kasa kupanda mchangani kutaga. Mwaka 1997 Mkenya mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya hifadhi, Julie Church, aliwaona watoto wakizichonga kandambili hizo kuwa vitu vya kuchezea. Hawakufundishwa na mtu. Walikuwa watoto wanaocheza na taka, kama wanavyofanya watoto wetu wa Bwaise wanapotengeneza magari ya waya na vizibo. Wazo la watoto wale likachukuliwa, kina mama wa vijijini wakaanza kuokota kandambili, kuziosha na kuzichonga kasa, samaki na tembo wa rangi rangi, na kazi hiyo ikakua mpaka ikawa biashara inayojulikana leo kwa jina la Ocean Sole. Mara nyingi tunasema watu wazima wanawahamasisha watoto. Kiunga ilikuwa kinyume.

Miaka ishirini baadaye, Lamu hapo jirani, fundi wa majahazi Ali Skanda alipewa kazi ambayo babu zake wasingeielewa: kuunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa ufukweni. Chombo hicho, Flipflopi, kina urefu wa mita 9, kilitumia takriban tani 10 za plastiki, na ubavu wake umefunikwa kwa kandambili zipatazo 30,000. Kilishushwa majini mwezi Septemba 2018. Mapema mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, umbali wa kilomita 500, kikitua njiani na kupokewa na wanafunzi. Na mwezi Machi 2021 kikaletwa kwetu. Kilianza safari Kisumu na kulizunguka Ziwa Victoria, kikatia nanga Uganda na kuendelea Tanzania. Jahazi la rangi zote za upinde wa mvua, tanga juu, katika maji ya Nalubaale! Wale waliokwenda kulitazama na watoto wao watakumbuka swali la kwanza la kila mtoto: ni ndala za nani?

Swali zuri. Baadhi ni zetu. Chupa inayotupwa Katwe au Kisenyi ikisombwa na mvua inaingia mfereji wa Nakivubo, na mfereji unamwaga Ghuba ya Murchison. Nyingi hubaki ziwani, na hapo hapo ndipo mji unapotoa maji ya kunywa. Ziwa nalo linatoka Jinja kwa Mto Nile, na Nile inaishia Bahari ya Mediterania. Kuhusu kaveera, Uganda ilipitisha marufuku katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2009. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania bara 2019. Ya kwetu mnaiona wenyewe kila mnaponunua nyanya.

Na tusidhani Kampala haina historia yake katika sanaa ya wanafunzi. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianzisha masomo ya uchoraji ambayo baadaye yakawa Shule ya Sanaa ya Makerere, na kufikia 1939 kazi za wanafunzi wake zilikuwa zimeonyeshwa London. Karibu zaidi na zama zetu, Bruno Ruganzu Tusingwire wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alikusanya chupa za plastiki na kuwajengea watoto wa Acholi Quarters, Banda, uwanja wa kuchezea, na kwa kazi hiyo akatunukiwa tuzo ya TED mwaka 2012. Huko Marekani, ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, walianza mwaka 2005 kufuma matumbawe kwa sindano na uzi, na maelfu ya watu, wakiwemo wanafunzi, wamefuma ya kwao katika nchi mbalimbali. Nalitaja hili la mwisho makusudi kwa ajili ya dada zetu. Hapa Kampala wapo wengi wanaofuma kofia na vitambaa vya meza, na tumbawe la uzi halina mzozo wowote wa kifikihi unaofanana na ule wa samaki.

Sasa turudi kwa mtoto wetu, maana hatukumjibu.

Katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kwamba riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akamsomea onyo la Mtume (s.a.w.) kwa wanaotengeneza picha. Mtu yule akabadilika uso. Ibn Abbas akamwonea huruma, akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi basi achore miti na visivyo na roho. Kwa upande wa pili, katika Sunan Abi Dawud imo hadithi ya Bi Aisha (r.a.) na wanasesere wake, akiwemo farasi mwenye mbawa, na Mtume (s.a.w.) alicheka alipomwona farasi yule. Wanachuoni wamejengea hapo. Wapo waliokataza kila picha ya chenye roho, na katika zama zetu Sheikh Ibn Baz alikuwa mkali katika hilo. Wapo waliolegeza kwa picha bapa isiyotukuzwa, na Sheikh Yusuf al-Qaradawi alikuwa miongoni mwao. Nami si mufti, na kila mzazi ana sheikh wake wa kumuuliza.

Ila uzito wa swali la mtoto uko hapa. Yule aliyeshauri wachore mawe tu alidhani amepata njia ya salama. Kumbe tumbawe nalo ni mnyama. Je, ni mnyama mwenye roho kwa maana waliyoikusudia mafakihi, hali hana uso wala macho? Ustadhi alisema atalipeleka kwa wanaomzidi elimu. Mtoto akasema, sawa, lakini ikiwa ni mnyama basi waliochonga msikiti walimkata akiwa hai. Darasa zima likanyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na orodha ya mahudhurio, na kalamu yangu nayo ilisimama.

Hatimaye yeye alichora mwamba wenye mwani wa kijani na zambarau, hakuweka samaki hata mmoja, na chini mchangani akaweka kauri tatu. Rafiki yake akachora samaki wanne na kasa. Ustadhi alizibandika zote mbili ukutani, ubavu kwa ubavu, karibu na mlango wanapovulia viatu.

Wallahu aalam.